Usingizi na Shahidi Wake

Katika maradhi yote yanayomfika mwanadamu, sidhani kama yako mengi yanayomvizia mtu katika saa ambayo yeye mwenyewe hayupo. Mwenye homa huihisi homa yake, mwenye jino bovu hukesha nalo, na mwenye kidonda hukitazama asubuhi na jioni akajua kimepona kiasi gani. Walakini mtu ambaye pumzi yake hukatika usiku, ikarejea, kisha ikakatika tena, hana habari ya lolote katika hayo, kwa kuwa fahamu zilimpa mgongo tangu alipoweka kichwa juu ya mto. Huamka asubuhi akiwa mzito wa kichwa na mkavu wa kinywa, akadhani alikula kisichomfaa au alilala kombo, akanywa chai yake akaenda kazini, na kufikia saa nane mchana akawa anasinzia mbele ya wateja wake. Ukimwambia kwamba aliumwa usiku kucha, atakuapia kuwa alilala fofofo.

Shahidi wa maradhi haya, basi, ni mtu mwingine. Aghalabu ni mke, mara nyingine mume, na kwa wasafiri ni yule maskini aliyepangiwa kitanda katika behewa moja na mkoromaji kutoka Dar es Salaam hata Kigoma, ambaye hushuka garini akiwa amezijua stesheni zote za njiani, hata zile zisizo na taa. Ushahidi wake tumezoea kuupokea kwa kicheko. Mkoromaji ni mtu wa dhihaka: watoto humwigiza, wageni humsimulia, na yeye mwenyewe, kwa kuilinda heshima yake, hukana. Hali ya mwanamke akoromaye ni nzito zaidi, kwani mwanamume huchekwa akasamehewa, ilhali mwanamke amefunzwa kuwa sauti hiyo ni fedheha kwake. Basi huificha hata mbele ya tabibu, hasemi mpaka aulizwe, na matabibu walio wengi hawaulizi.

Na nyumbani kesi husikilizwa kwa maneno kama haya, asubuhi, juu ya jamvi, kabla chai haijapoa:

"Bwana, jana usiku ulinyamaza mpaka nikakushika kifua."

"Na kunyamaza nako ni kosa, mke wangu? Nikikoroma una neno, nikinyamaza una neno."

"Kukoroma kwako nimekuzoea. Huko kunyamaza ndiko kunakonitoa usingizini."

Mke asemaye hivyo amekwisha kufika, pasipo kitabu wala chombo, mahali ambapo elimu ya tiba ilifika kwa kuchelewa mno. Si kila akoromaye ni mgonjwa, na wengi hukoroma miaka sitini wakazikwa kwa sababu nyingine kabisa. Lakini mkoromo unaokatizwa na kimya, na kimya kinachovunjwa na mkoromo mwingine mkubwa wa kushtukiza, ni habari inayostahili kupelekwa kwa tabibu siku hiyo hiyo.

Koo la mwanadamu, kuanzia nyuma ya pua hata kufikia kongomeo, halina mfupa wa kulishikilia wazi. Ni mfereji wa nyama na misuli, na hata ule mfupa mdogo uliopindika chini ya ulimi, ambao misuli mingi hujishika kwake, haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Mchana misuli hiyo hukaa macho pamoja na mwenyewe, na njia ya pumzi huwa pana. Usiku hulegea, ulimi hurudi nyuma, hasa mtu akilala chali, kaakaa laini nalo hushuka, na hewa inayopita kwa nguvu katika upenyo uliobaki hulitikisa kaakaa hilo kama upepo utikisavyo tanga ambalo nahodha ameilegeza demani yake. Huo ndio mkoromo. Pakizidi kusongeka, kuta hukutana na njia hufungwa: kifua huinuka na kushuka kikivuta kisichokuja, oksijeni hupungua katika damu, moyo huhangaika, mpaka ubongo, ukiisha kuhisi kwamba maangamizi yamekaribia, humgutusha mtu kwa nukta chache, misuli ikakaza, hewa ikaingia kwa kishindo, naye akazama tena usingizini asikumbuke kitu.

Matabibu wamekubaliana kuihesabu pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi, wakiijumlisha na ile iliyopungua sana bila kukatika, kisha huangalia mtu hupatwa na hayo mara ngapi katika saa moja ya usingizi. Chini ya mara 5 hapana neno. Kutoka 5 hata 15 maradhi ni hafifu. Kutoka 15 hata 30 ni ya wastani. Na kuanzia 30 ni makali. Aliye katika daraja hilo la mwisho, akilala saa saba, amegutushwa zaidi ya mara mia mbili, naye asubuhi husema kwamba alilala. Hapo ndipo shinikizo la damu hupanda na kukataa kushuka kwa dawa, na moyo hudhoofika, na hatari ya kiharusi huongezeka. Na huyo huyo ndiye, akiwa dereva, asinziaye kwenye usukani wa basi lenye roho sitini ndani yake. Ajali za namna hiyo hatuna desturi ya kuziandikia sababu hii, tunaandika mwendo wa kasi tukafunga jalada.

Wako wataalamu wasemao kwamba hii ndiyo gharama tuliyolipa kwa ajili ya usemi. Kongomeo la wanyama limekaa juu, karibu na pua, na ulimi wao umelala kinywani. Letu limeshuka kooni, na sehemu ya ulimi imeshuka pamoja nalo, ndipo tukapata nafasi ya kuzichezea sauti na kuzigeuza maneno, na wakati huo huo tukapata njia ya pumzi iliyo laini na ndefu, tayari kuporomoka. Nayapenda maelezo haya, kwa sababu yanamfanya mkoromaji awe mlipaji wa deni la mashairi yote yaliyopata kutungwa. Lakini wanyama hawakusalimika wote: mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza kwamba mbwa wa Kiingereza aina ya buldogi, ambao wafugaji wamekuwa wakiwachagua kizazi baada ya kizazi mpaka nyuso zao zikabonyea, nao hukatikiwa na pumzi usingizini. Wao hawasemi neno. Wamelipa gharama pasipo kupata bidhaa.

Ajabu ni kwamba mwandishi wa hadithi alimwona mgonjwa huyu kabla ya matabibu. Charles Dickens, katika kitabu cha Pickwick kilichotoka sehemu kwa sehemu katika miaka ya 1836 na 1837, alimchora kijana mtumishi aitwaye Joe, mnene kupita kiasi, ambaye husinzia popote atumwapo na hukoroma palipo na kazi. Na wasomaji wakamcheka kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1956, tabibu wa Boston, Sidney Burwell, pamoja na wenzake, walitoa habari ya mfanyabiashara mnene aliyesinzia katikati ya mchezo akiwa ameshika mkononi ree tatu na wafalme wawili, karata ambazo mchezaji aliye macho aghalabu hashindwi nazo, wakauita ugonjwa wake kwa jina la kitabu kile cha Dickens. Hata hivyo wao walidhani kosa liko katika uzito wa mwili unaokilemea kifua. Haikujulikana kwamba ni koo linalofunga mpaka 1965, pale Henri Gastaut na wenzake huko Marseille, na Jung na Kuhlo huko Ujerumani, walipowafunga wagonjwa nyaya na vyombo vya kupimia, wakakaa kuwaangalia usiku kucha. Tabibu alikubali hatimaye kukaa pale alipokuwa amekaa mke miaka yote.

Tiba ya kwanza ilikuwa ya kutisha: kumtoboa mgonjwa shingoni, chini ya kongomeo, na kumtia mrija wa kupumulia. Ilifaa, na waliokuwa hoi walipona. Lakini ni nani awezaye kuwashauri watu wote wenye kukoroma wakatobolewe? Kikafuata kisu cha namna nyingine. Ikematsu, tabibu wa Japani, alikwisha kuanza kupunguza nyama ya kaakaa kwa ajili ya mkoromo, akaandika habari zake mwaka 1964, na Fujita wa Detroit akaiendeleza kazi hiyo kwa ajili ya maradhi yenyewe mwaka 1981. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka mangariba wa kwetu na desturi ya kuwakata watoto kimeo wakiwa na kikohozi kisichokwisha, desturi iliyoacha watoto wengi wakivuja damu na hata kufa. Mabwana wa Japani na Marekani walikuwa na ganzi, taa na nyuzi safi, na maradhi waliyoyashughulikia ni mengine. Lakini kinyama kile kidogo kinachoning'inia kina bahati mbaya katika kila bara.

Mwaka huo huo wa 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walieleza njia isiyomwaga damu: pampu ndogo ipulizayo hewa kwa kudumu kupitia barakoa ya puani, hata hewa yenyewe ikawa ndiyo nguzo inayozuia kuta za koo zisikutane. Sitaki kuipunguzia sifa mashine hii. Hakuna kitu kinachoyashinda maradhi haya kwa uhakika kama hiyo. Aliyekuwa akikatikiwa mara 50 kwa saa hushuka usiku ule ule wa kwanza hata chini ya 5, na wako waliotoka maabara asubuhi wakilia, kwa kuwa walikuwa wamesahau ladha ya kulala. Lakini anayepuliziwa hewa hiyo ni binadamu, si koo peke yake. Barakoa humbana, hewa humkausha pua, kamba humwachia alama mashavuni. Kijana aliyeoa juzi huona haya kuivaa. Msafiri huibeba kama mzigo wa pili. Na katika miji yetu umeme ukikatika usiku, dawa nayo hukatika. Basi wengi huivaa nusu ya usiku, wakaivua bila kujijua, na baada ya miezi kadhaa ukiuliza habari yake utaambiwa kwamba iko uvunguni.

Ndipo tufike kwenye taya. Zamani kabla ya haya yote, katika karne ya kumi na tisa, matabibu waliokuwa wakiwalaza watu kwa klorofomu waliona mgonjwa akipoteza fahamu ulimi humwangukia kooni, akaanza kukoroma, kisha akawa wa rangi ya buluu. Friedrich von Esmarch, mpasuaji wa Kiel, na Jacob Heiberg wa Norway, ambaye aliandika habari hiyo mwaka 1874, walifundisha dawa rahisi isiyohitaji chombo: msaidizi asimame kichwani pa mgonjwa, atie vidole nyuma ya pembe za taya la chini, alisukume mbele, na alishike hapo. Pumzi hurejea papo hapo. Sababu yake ni ya kimaumbile, kwani msuli mkuu wa ulimi umejifunga kwenye mfupa wa kidevu kwa ndani, na taya likiletwa mbele ulimi hauna budi kufuata, na kuta za koo nazo hutanuliwa kwa kuvutwa huko. Kila mwenye kulaza wagonjwa kwa ganzi hata leo anaujua mshiko huo. Aliyefundishwa huduma ya kwanza anaujua.

Lakini mkono wa mwanadamu huchoka, na hakuna mke atakayekaa kichwani pa mumewe miaka ishirini akimshika taya. Pierre Robin, mganga wa kinywa wa Paris, aliyekuwa na huruma nyingi kwa watoto wachanga waliozaliwa na kidevu kidogo mno, hata ulimi ukawa hauna mahali ila kurudi nyuma na kuwaziba pumzi, alitumia tangu mwanzo wa karne ya ishirini kifaa cha kinywani cha kulileta taya mbele, na mwaka 1923 aliieleza hali hiyo ya watoto, ambayo hata leo imebaki na jina lake. Kisha jambo likalala miongo mingi. Liliamshwa na watu wawili wa Chicago, Rosalind Cartwright, mwanasaikolojia aliyejishughulisha na usingizi na ndoto, na tabibu Charles Samelson, ambao mwaka 1982 walieleza kifaa cha plastiki laini chenye mfuko mdogo mbele ya meno, ambamo mgonjwa huutia ulimi wake ukashikwa kwa kunyonywa usirudi nyuma. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, Karlheinz Meier-Ewert na wenzake huko Ujerumani walitengeneza kifaa kingine kinachoshika meno ya juu na ya chini na kulizuia taya lisirudi, wakakiita kwa jina la Esmarch, kwa insafu iliyo adimu kwa wavumbuzi. Kwani waliona wazi kwamba hawakubuni ila mkono usiochoka.

Vifaa vya namna hii vya pili ndivyo vilivyoenea, na utengenezaji wake una mambo yanayostahili kukaliwa kidogo. Mgonjwa huenda kwa daktari wa meno akiwa amekwisha kupimwa usingizi na tabibu, wala haipasi kuanza kwa daktari wa meno peke yake, kwa sababu yeye huona kinywa, haoni usiku. Meno na fizi hutazamwa, na viungo vya taya chini ya masikio hupapaswa. Kisha huchukuliwa chapa ya meno, ama kwa kamera ndogo izungushwayo kinywani, ama kwa njia ya zamani, yaani ute mzito wa unga utokanao na mwani, mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi, si huu mwekundu wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani. Huachwa dakika chache ukagande, ukatolewa, ukajazwa plasta, na meno ya mtu yakawa yamesimama mezani nje ya kichwa chake. Baada ya hapo mgonjwa huambiwa asukume taya mbele kadiri awezavyo, na alirudishe nyuma kadiri awezavyo, na umbali uliopo kati ya mipaka hiyo miwili, ambao kwa watu wengi ni kama milimita 10 au zaidi kidogo, ndio uwanja wote wa kazi. Daktari huanzia katikati ya uwanja huo, au kupita katikati kidogo, na fundi wa maabara hutengeneza bamba mbili za akriliki au nailoni, moja ya meno ya juu na moja ya chini, zilizounganishwa kwa skrubu, au kwa mikanda, au kwa vibawa vinavyozuiana.

Ustadi wenyewe umo katika ile skrubu. Mgonjwa hupewa ufunguo mdogo aondoke nao nyumbani, naye kila baada ya siku kadhaa huizungusha mara moja, taya likasogea mbele kwa sehemu ndogo ya milimita, akalala, akasikiliza mwili wake, akamwuliza mwenziwe. Kazi hii huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Haraka huleta maumivu ya kiungo cha taya, na uvivu huiacha njia ya pumzi nusu wazi. Na tazama jinsi shahidi wetu wa mwanzo alivyopandishwa daraja: yule mke aliyekuwa akilalamika bila kusikilizwa, sasa ndiye aulizwaye asubuhi, "Jana je?" na jibu lake ndilo linaloamua kama ufunguo utazungushwa.

Kwenye maduka na kwa wauzaji wa posta huuzwa vifaa vilivyokwisha kutengenezwa, vya plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto na kung'atwa ipate umbo la meno. Ni rahisi, na mtu asiye na fedha hushawishika, wala simlaumu. Lakini Olivier Vanderveken na wenzake wa Antwerp waliwapa wagonjwa wale wale vifaa vya aina zote mbili kwa zamu, na mwaka 2008 wakatoa hukumu yao: kile kilichotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mtu kilishinda waziwazi, na kile cha kung'ata hakikufaa hata kutumiwa kwa kubashiri ni nani atakayefaidika na kile kizuri, kwani mara nyingi hakikukaa mahali pake usiku. Hapa hapana uchawi wowote. Taya la mtu aliyelala huvuta kurudi nyuma kwa nguvu za saa nyingi, na kifaa kisichoyakamata meno barabara huachia, na kikiisha kuachia ni takataka kinywani. Kile cha kweli hakimfai mwingine duniani. Ukifa huwezi kumrithisha mwanao.

Nimekwisha kusema kwamba mashine ya hewa ina nguvu zaidi, na ukweli huo haubadiliki. Kifaa cha taya humponya mmoja kabisa, humpunguzia mwingine nusu ya maradhi, na mwingine hakimfai kitu. Hufaa zaidi wenye maradhi hafifu na ya wastani, na wale ambao pumzi huwakatikia wakilala chali, na hakuna ajuaye kwa yakini, kabla ya kujaribu, ni nani atakayekuwa katika kundi lipi. Walakini kuna jambo lililonifanya niuandike waraka huu. Wataalamu wa Sydney, mji ule ule uliozaa mashine, waliwachukua wagonjwa 108, wengi wao wa maradhi ya wastani na makali, wakawapa mashine mwezi mmoja na kifaa cha taya mwezi mwingine. Habari zao zilitoka mwaka 2013. Kwa hesabu ya pumzi zilizokatika, mashine ilishinda pasipo shaka, ikiwaacha na mara 4 au 5 kwa saa, na kifaa kikiwaacha na mara 11. Lakini walipoulizwa saa za kuvaa, mashine ilivaliwa kama saa 5 kwa usiku na kifaa saa 6 na nusu. Na walipopimwa shinikizo la damu, na usingizi wa mchana, na wepesi wa kuendesha gari katika chombo cha majaribio, mizani ilikaribia kulingana, na katika baadhi ya mambo ya raha ya maisha kifaa kilitangulia.

Katika maradhi mengine tabibu aweza kumtegemea mgonjwa akaze moyo: ameze dawa chungu, avumilie sindano, ajizuie na sukari. Katika maradhi haya azma ya mgonjwa hulala saa nne za usiku pamoja naye, na kuanzia hapo mkono uliolala huamua wenyewe, huinuka ukaivua barakoa na kuitupa sakafuni, na asubuhi mwenyewe hushangaa kuikuta huko. Tiba haina budi kukubaliwa na yule mtu mwingine, asiye na akili wala ahadi, ambaye tunakuwa tukiisha kulala. Na huyo, kwa tajriba ya wengi, hukisamehe kitu kidogo kilichofichika kinywani kuliko kikubwa kilichofungwa usoni. Kwa sababu hiyo naona walifanya vema wale matabibu wa usingizi na wa meno wa Marekani, ambao mwaka 2015 waliandika kwa pamoja kwamba mtu mzima asiyeiweza mashine, au apendaye njia nyingine, apewe kifaa cha taya kilichotengenezwa kwa kipimo chake na kinachoweza kusogezwa, badala ya kuachwa bila tiba yoyote kwa kosa la kuishindwa ile iliyo bora.

Madhara yapo. Wiki za mwanzo mate humiminika juu ya mto, au kinywa hukauka. Meno huuma asubuhi, na taya hukataa kurudi nyumbani kwake mpaka mtu atafune kidogo au ang'ate kipande cha plastiki apewacho kwa kazi hiyo. Hayo hupita. Lisilopita ni kwamba kwa kadiri ya miaka meno ya mbele ya juu huvutwa nyuma na ya chini husukumwa mbele, hata mkutano wa meno ukabadilika, na wako ambao baada ya miaka kumi hung'ata mkate kwa namna nyingine. Hili mgonjwa aambiwe mapema, achague mwenyewe kati ya meno yaliyosogea na moyo uliochoka.

Na kifaa hiki kinataka meno. Pasipo meno ya kutosha juu na chini, yenye mizizi imara, hakina pa kushika. Katika nchi zetu watu wengi humwona daktari wa meno siku ya kung'oa tu, na kila gego ling'olewalo kwa sababu lilicheleweshwa ni mahali pamoja papunguapo pa kukamata taya siku ya uzee, ambayo ndiyo siku koo huzidi kulegea. Kibogoyo hubakiwa na kile kifaa cha Chicago cha kunyonya ulimi, ambacho huzoeleka kwa taabu, au mashine. Madaktari wa meno tunao, na shule za kuwafundisha zipo Muhimbili na Nairobi. Ustadi wa kuchukua chapa na kutengeneza bamba za akriliki si mgeni kwa mafundi wetu, ambao kila siku hutengeneza meno ya bandia. Kilicho adimu ni vyombo vya kupima usingizi, na tabibu wa kumwuliza mgonjwa mwenye shinikizo la damu lisiloshuka swali lisilogharimu kitu: nani hulala karibu nawe, naye husikia nini?

Hubaki hadhari moja, ambayo wauzaji wa vifaa hivi hawapendi kuitaja. Mara nyingi kifaa huunyamazisha mkoromo kabla ya kuimaliza hatari. Kaakaa huacha kutikisika, chumba hutulia, na mke aliyekesha miaka kumi na miwili hulala kwa mara ya kwanza kabla ya mumewe. Naye akiisha kulala hakuna tena wa kuhesabu vile vimya, ambavyo vyaweza kuwa vimepungua kutoka 40 hata 20 kwa saa na kusimama hapo. Kwa hiyo tabibu mwenye kuijua kazi yake hamwachi mgonjwa kwa habari njema ya nyumbani. Humrudisha apimwe usiku mwingine, safari hii akiwa amevaa kifaa chake, chombo kikiwa kidoleni na puani kuandika oksijeni na pumzi. Na hesabu ikiwa bado kubwa, ufunguo huzungushwa tena, au mgonjwa huambiwa alale ubavu pamoja na kuvaa kifaa, au mashine hutolewa uvunguni ikapanguswa vumbi.